Maneno Ambayo Huwezi Kumwambia Ndoyi

Mtu anayejitukana hapigi kelele. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlijue, ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya kutunza wagonjwa wa huzuni. Mwenye malaria atatetemeka, mwenye tumbo atalia, lakini huyu amekaa kitandani, amekunja mikono, nanyi mnapita mkisema ametulia. Hajatulia. Ndani yake kuna mtu anamtukana tangu alfajiri, na mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Nilijifunza hayo nikiwa bado na nguvu, katika miaka ya hamsini, hapa Kisangani. Kwenye karatasi za serikali mji wetu uliitwa Stanleyville, ila mdomoni mwetu ulikuwa Kisangani siku zote. Nilikuwa mkalimani katika hospitali moja ya mji. Shule yangu ilikuwa ndogo, ya mapadre, na sikufika mbali. Kifaransa nilikipata huko, Kiswahili na Lingala nilikua navyo. Kwa hiyo nikapewa kazi ya kukaa katikati: mgonjwa upande huu, daktari upande ule, na mimi kwenye kigoda.

Daktari mwenyewe tulimwita Dokta Roje. Alikuwa Mbelgiji mwembamba, mwenye jasho jingi, na alikuwa na imani ambayo wenzake waliicheka: kwamba kuna wagonjwa wanaoweza kutibiwa kwa maongezi. Hakuna sindano wala vidonge. Mnakaa, mnaongea, kesho mnaendelea mlipoachia. Wauguzi waliiita pembe yetu "service ya masolo", yaani idara ya kupiga soga. Nikipita uani walikuwa wananiuliza, "Papa Gaspari, leo mumeponyesha nani kwa mudomo?" Nami nilicheka nao, kwa sababu mwanzoni hata mimi sikuamini.

Kilichonibadilisha ni kosa dogo la siku za kwanza. Mgonjwa alisema jambo, nami nikamgeukia daktari na kusema kwa Kifaransa, "Anasema yeye ni mtu mbaya." Dokta Roje akanizuia. "Hapana, Gaspard. Usiseme 'anasema yeye'. Sema 'mimi'. Sema kama alivyosema." Basi kuanzia siku hiyo nikawa nasema kwa kinywa changu: Mimi ni mtu mbaya. Mimi sifai kitu. Heri nisingezaliwa. Mgonjwa akitoka, anaingia mwingine, na mimi tena: Mimi ni mzigo. Mimi ni laana ya nyumba. Jioni nilirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyebeba mbao bandarini. Ndipo nikaelewa. Mimi niliyakopa maneno hayo kwa saa chache tu. Wenyewe walikuwa nayo mchana kutwa.

Nilikuwa na yangu pia, siwafichi. Mke wangu, Kristina, alikuwa ameshikwa na homa nikiwa safarini kwenye meli ya kwenda Basoko, mji wa chini ya mto, na niliporudi nilikuta wamekwisha kumwosha kwa ajili ya mazishi. Watu walinipa pole na pole zikaisha. Mimi nikabaki na swali moja nililojiuliza kila nilipofungua mlango: Ulikuwa wapi, Gaspari? Sikumwambia mtu. Nilikwenda kazini, nikakaa kwenye kigoda.

Sasa niwaambie tulivyokosea, maana makosa yetu yatawasaidia kuliko sifa zetu.

La kwanza lilikuwa langu. Mgonjwa akisema "mi niko mutu bure", mimi nilikuwa naruka mbele ya daktari: "Hapana, papa, weye iko mutu muzuri sana." Unajua anachofanya mgonjwa ukimkatalia? Anaanza kukuletea ushahidi. Atakukumbusha mbuzi aliyepotea akiwa mtoto, atakukumbusha deni la mjomba. Ukizidi kumbishia, yeye anazidi kuwa wakili hodari wa mashtaka yake mwenyewe, na mwisho anashinda kesi. Dokta Roje alinifundisha kunyamaza na kuuliza tu: "Na maneno hayo, unajiambia wakati gani? Kwa sauti ya nani?" Maswali hayo mawili yalifungua midomo ambayo faraja zangu zote zilikuwa zimeifunga.

La pili lilikuwa la daktari, na hili bado linanichekesha. Palikuwa na Mama Veronika, muuza chikwange, mkate wa muhogo, sokoni, mwanamke wa mikono minene na macho yaliyozimika. Mume wake alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine, na tangu hapo Mama Veronika alikuwa anajiita takataka. Dokta Roje, kwa moyo mzuri kabisa, akamwagiza hivi: kila asubuhi asimame mlangoni kwake, aseme kwa sauti mambo mazuri aliyo nayo. Nikatafsiri. Mama Veronika akaniangalia mimi, si daktari.

"Papa Gaspari, ile ni weye unasema ao ni Muzungu?"

"Ni dokta, mama."

"Bon. Umwambie hivi. Kwetu, mutu akisimama mulangoni kujisifu, bajirani banafunga kuku yao."

Akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Dokta Roje akauliza amesema nini. Nikatafsiri yote, na kuku wakiwemo. Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha jasho. Kisha akasema, "Basi, Gaspard, tutaingilia mlango gani?" Mama Veronika alikuwa amegusa jambo la kweli. Sisi hatukufundishwa kujisemea vizuri. Kujisifu ni aibu, na kujitukana kunaonekana kama adabu. Ukimwambia mtu wetu "jipende", unamwomba avue nguo hadharani.

Katika hali hiyo ya kutojua, akaletwa Bonifasi.

Alikuwa Mgenya, mvuvi wa pale kwenye maporomoko. Mmewaona Wagenya wanavyovua: wanasimika miti mikubwa katikati ya mawe, maji yakiunguruma chini, wanaifunga kwa kekele, ile kamba ya msituni, na kwenye miti hiyo wanatundika vikapu vyenye midomo mipana. Bonifasi alikuwa akifunga miti pamoja na mdogo wake, Lamberi. Siku moja kifungo kilifunguka, Lamberi akaanguka, mto ukamchukua, wakamwokota chini amekufa. Kifungo kilikuwa cha Bonifasi. Labda kekele ilikuwa imeoza. Labda mti ulisogezwa na maji. Labda kweli alifunga vibaya. Hakuna aliyejua. Tangu mazishi hakugusa kamba, hakula samaki, na baadaye hata lituma, ndizi za kuponda, alikuwa anaichokonoa tu kwa kidole.

Aliletwa na mke wake, Anjelani, na mzee wa ukoo wao, Papa Likunde, ambaye alikaa mbele ya daktari na kofia yake magotini.

"Dokta, mi nasema wazi," akasema Papa Likunde. "Sasa mayi ya mto iko juu. Ikishuka, tutasimamisha miti mupya. Kila nyumba inapandisha mutu yake. Nyumba ya huyu, mutu amebakia ni yeye peke yake. Asipopanda, nafasi ya baba yake pale mawe tunapatia nyumba ingine. Haiko roho mubaya. Ni vile tunafanyaka."

"Mi nataka arudi nyumbani tu," akasema Anjelani. "Mambo ya miti tutaona."

"Mwanangu, pasipo miti atarudi nyumbani gani?"

Anjelani akainamisha uso. Ndivyo tulivyojua kilichokuwa mbele yetu. Mtu huyu alipaswa kupona kabla mto haujashuka, la sivyo angepoteza kitu cha mwisho alichoachiwa na baba yake.

Siku nyingi hakusema neno. Wodini walimwita "yule Mugenya" tu. Lakini Dokta Roje aliona kitu ambacho mimi sikukiona: midomo yake ilikuwa inacheza. "Muulize anaongea na nani." Nikamuuliza. Akajibu polepole, "Na miye." Anajiambia nini? Akatikisa kichwa. Daktari hakumsukuma. Kila siku alimwambia lile lile: maneno yakiwa ndani hatuwezi kuyatazama, yatoe nje, vilevile unavyojiambia, na jina unalojiita. Mimi nilitafsiri mpaka nikachoka kutafsiri.

Siku alipokubali ilikuwa mchana, saa ya chakula. Bonifasi aliangalia sakafu, akaanza, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma hukumu.

"Weye Bonifasi. Weye iko takataka. Mikono yako iko ya kuua bantu. Ingefaa weye ndiye ungeanguka, Bonifasi. Mupumbavu weye."

Kabla sijafungua kinywa kutafsiri, tulisikia sufuria ikitua kwa kishindo mlangoni.

Alikuwa mpishi wetu, mtu wa Kasongo, mwenye tumbo kubwa na utani mwingi. Sisi wote tulimwita Chef, sidhani kama kuna aliyekuwa anakumbuka jina lake. Alisimama na mwiko mkononi.

"Nani anatukana Bonifasi hapa?"

"Chef, toka," nikasema. "Tuko kazini."

"Sitoke. Jina yangu inatukanwa, na weye unaniambia nitoke?"

Bonifasi akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona usoni vizuri. "Weye ni Bonifasi?"

"Tangu ubatizo. Bonifasi ya Kasongo. Na weye?"

"Bonifasi ya Wagenya."

Chef akaweka mwiko juu ya sufuria. "Alors, weye ni ndoyi yangu. Mi nakupikia kila siku, nakuongezea kwa sababu naona umekonda. Kumbe weye unakaa hapa kuchafua jina yetu. Ile jina iko ya weye peke yako?"

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo. Ndoyi ni mtu mwenye jina moja na lako. Kwetu hilo si jambo la kuchekea. Ukimpata ndoyi wako, hata kama hamjawahi kuonana, humwiti tena kwa jina, unamwita ndoyi. Mama yake ni mama yako. Mke wake utamtania kuwa ni mke wako, naye atakupa chakula. Unaweza kugombana na ndugu yako wa tumbo moja, lakini ndoyi humtukani. Ukimtukana utaomba msamaha mbele ya watu.

Basi Bonifasi alisimama. Alipangusa viganja kwenye kaptula yake, akaushika mkono wa Chef kwa mikono yake miwili. "Ndoyi, unisamehe. Sikujua uko hapa."

"Na kama singekuwa hapa?"

Bonifasi akaendelea kuushika ule mkono.

Vijana wangu, nimezeeka, lakini dakika ile bado naikumbuka. Nilihisi kitu kimefunguka chumbani, kama dirisha ambalo tulilisukuma miezi yote kumbe linavutwa. Dokta Roje alikuwa ananivuta shati: "Kuna nini? Tafsiri, tafsiri." Nilikuwa na haraka hata nikamweleza kwa Lingala, akaniangalia tu, nikaanza upya. Nilipofika kwenye maana ya ndoyi, alisimama, akakaa, akasimama tena. Akasema, "Muulize hivi. Kama huyu ndoyi wake ndiye angekuwa amefunga ile kamba, angemwambia nini?"

Nikauliza. Bonifasi alimwangalia Chef.

"Ningemwambia hivi," akasema Bonifasi. "Ndoyi, ulifunga sawa vile baba alitufundisha. Mayi ilikuwa na nguvu. Pengine fundo yako ilikuwa mubaya, hatujui. Lakini haukumusukuma. Ulikuwa unamupenda."

Kisha akalia. Anjelani alituambia baadaye kwamba hata kaburini hakulia. Chef alisubiri, akajifuta macho kwa aproni yake, akasema, "Aksanti, ndoyi. Sasa kula, inapoa. Sikuweka samaki."

Huo haukuwa uponyaji. Msije mkafikiri neno moja linaponya mtu. Ulikuwa mlango tu, na kazi ilianzia hapo. Kila siku tuliketi. Mwanzoni Chef alikuwa anakuja kukaa mbele yake, na Bonifasi anamwambia yeye yale maneno ya upole. Baadaye Chef alibaki jikoni, na Bonifasi alipaswa kufikiri tu kwamba ndoyi yupo. Mwisho tulimwomba ajiite hivyo mwenyewe. Akianza kwa sauti, "Weye Boni...", tulisikia kikohozi kutoka jikoni, na yeye anajirudi, anaanza upya: "Ndoyi..." Kuna siku alirudi nyuma kabisa, akageukia ukuta. Tulikaa naye hivyo hivyo. Kesho yake tukaanza tena. Msione haya kuanza tena.

Siku moja aliuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Dokta, na kama fundo ilikuwa mubaya kweli? Nitamudanganya ndoyi?"

Dokta Roje akajibu. "Hapana, usimdanganye. Mwambie, fundo lilikuwa baya. Kisha mwoneshe namna ya kufunga vizuri. Yule mwingine ndani yako, anayekuita takataka, amewahi kukufundisha kufunga?"

"Hapana. Anapiga tu."

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii, kama ina siri. Kujisemea kwa upole si kujisifu, wala si kujipaka mafuta. Ni kuusema ukweli wote badala ya kuchagua kipande kile kinachochoma. Ndoyi wako utamwambia kosa lake. Lakini utamwambia pia kwamba mto ulikuwa na nguvu.

Tulimfuata hata Mama Veronika sokoni. Ndoyi wake alikuwa binti wa dada yake, mtoto mnene aliyekuwa anacheza nyuma ya meza ya chikwange. Nikamuuliza kama angeweza kumwambia mtoto yule kuwa ni takataka kwa sababu ameachwa na mwanamume. "Weye unatafuta dada yangu anipige?" akaniambia. Akapanga chikwange zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Bon," akasema. "Nitakuja kesho. Lakini kusimama mulangoni, hapana."

Nami? Ndoyi wangu alikuwa mzee mmoja wa Basoko, Gaspari mwenye mtumbwi. Nikirudi nyumbani kando ya mto nilikuwa nasema polepole, kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa: Ndoyi, ulikuwa kazini. Ulipopanda meli alikuwa anacheka mlangoni. Hakuna aliyekuambia kwamba homa inakuja. Mwanzoni nilijisikia mjinga. Baadaye nikaanza kutembea polepole ili njia isiishe haraka. Huzuni yangu haikuondoka, na sikutaka iondoke, kwa sababu ilikuwa ya Kristina. Ila ilibaki huzuni tu, bila fimbo.

Siku hizi ninyi mna majina ya kitaalamu kwa mambo haya, na ninafurahi. Yatumieni. Lakini kabla ya kumpa mgonjwa zoezi, jiulizeni kwao mtu anamsemea vizuri nani bila aibu. Kwa mwingine ni ndoyi. Kwa mwingine ni mjukuu, ni mgeni, ni mtoto wa shemeji. Upole anao tayari, anautoa kila siku kwa watu wengine. Hamuuletei kutoka nje. Mnamwonesha njia ya kuurudisha nyumbani. Na mkae chini anapoongea. Mtu hawezi kutoa maneno mazito kwa mtu aliyesimama na funguo mkononi.

Maji yakashuka. Bonifasi alikuwa anakula, alikuwa analala, lakini hakuna aliyejua kama atapanda. Asubuhi ya kusimamisha miti tulikwenda kwenye maporomoko: Dokta Roje, mimi, na Chef, aliyekuwa anaogopa maji na akasimama mbali ameshika mwavuli. Anjelani alikuwa amekaa juu ya jiwe. Pembeni alisimama binamu mmoja kutoka nyumba nyingine, kikapu chake kipya begani, kwa sababu Papa Likunde alikuwa amemwambia awe tayari.

Bonifasi alipanda. Alipanda polepole, akapima kila mti kwa mguu, akafunga kifungo cha kwanza, akakivuta, akafunga kingine. Wanaume wakaanza kumwimbia kama wanavyoimbiana kazini. Akapitishiwa kikapu, akakifunga, wakakiteremsha kwenye mkondo. Kamba ikateleza. Kifungo kikafunguka mbele ya macho yetu, kikapu kikaanguka, maji yakakizungusha mara moja na kukimeza.

Wimbo ukakatika. Anjelani alifunika kinywa chake. Binamu akasogeza kikapu begani. Mimi niliyajua maneno yanayokuja wakati kama huo, nilikuwa nimeyabeba kwa Kifaransa miezi mingi. Huko juu, Bonifasi alikuwa ameganda, ameukumbatia mti, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Anajiambia nini?" Chef akaniuliza.

"Sisikii. Mayi inapiga kelele."

Tukangoja. Kisha Bonifasi akainama, akaitazama ile kamba iliyobaki mkononi, akaivunja kipande na kukinusa.

"Hii kekele imekauka," akapaza sauti chini. "Na mi nilifunga mbio. Muniletee ya mubichi. Nafunga tena."

Papa Likunde alichagua kekele, akaichovya majini, akamrushia, naye akaidaka. Ndipo mzee akamgeukia binamu aliyekuwa bado anangoja.

"Rudisha kikapu yako nyumbani," akamwambia. "Pale iko mutu."